Wakala wa safari, pata kibali kwanza, hoteli baadaye

Kwa vijana wanaoanza uwakala wa safari hapa Uganda: kujua kukata tiketi za ndege ni vizuri, lakini ijueni nchi barabara kwa barabara. Chukua Bwindi, hifadhi ya msitu wenye gorila. Kibali cha kuwaona gorila hutaja eneo la kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo. Kwenye ramani ya mgeni yote ni Bwindi. Barabarani, Buhoma hadi Rushaga ni saa kadhaa za milima na kona, na maelekezo kwa wageni hutolewa pale pa kuanzia, asubuhi mapema. Ukimlaza upande usio wake, anaikosa ile saa moja na gorila msituni ambayo huenda aliiwekea akiba kwa miaka. Inauma sana, na inazuilika.

Kila familia ya gorila hupokea wageni 8 tu kwa siku, kwa hiyo msimu wa Juni hadi Agosti usichelewe kuchukua kibali. Uliza umri pia: walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi, na wazazi wengi hawajui. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, mkumbushe mgeni kabla hajapanda ndege.