Mmweko wa kijani: namna ya kuuwahi jua linapozama

Wengi wanaoukosa mmweko wa kijani huukosa kwa sababu moja: wamelikodolea jua macho mapema mno. Rangi hii ya kijani hutokea ghafla kwenye ukingo wa juu wa jua, pale kipande cha mwisho kinapotoweka, na kwa kawaida haimalizi sekunde 2.

Hewa huupinda mwanga, na wa kijani huupinda zaidi kidogo kuliko mwekundu. Kwa hiyo jua lililo chini ni kama sahani kadhaa zilizopandiana, nyekundu chini, kijani juu. Buluu huwa juu zaidi, ila hewa huitawanya njiani. Ukingo huo wa kijani ni mwembamba mno kwa macho matupu, mpaka ukuzwe na mazigazi, ndugu wa yale yanayoifanya lami ionekane ina maji mchana wa joto.

Tafuta upeo wa macho ulio wazi. Bahari ndiyo bora. Kisha litazame jua kwa kuibia. Likiwa jekundu, limefifia kama kaa linalozimika, usijisumbue: vumbi au moshi umekwisha kula kijani. Linalofaa ni la manjano, linaloumiza macho hata likiwa chini.

Umbo lake nalo linasema. Likigusa maji, na jua la pili likainuka kutoka chini kuungana nalo hadi likawa kama mtungi wenye kitako, bahari ina joto kuliko hewa. Kaa chini, karibu na usawa wa maji. Pande zake zikiwa na ngazi ngazi, kuna hewa ya joto iliyoikalia ya baridi. Hapo panda kilima au ghorofa. Vipande hukatika utosini mwa jua na kugeuka kijani kabla halijazama, pengine mara kadhaa.

Sasa macho. Karibu na ikweta, jua huchukua dakika 2 na ushei kuzama tangu liguse upeo; mbali na ikweta huchukua zaidi. Muda huo lipe mgongo. Geuka kinapobaki kipande kama ukucha uliokatwa, ukitazame bila kupepesa. Ukikodoa mapema, vipokezi vya rangi nyekundu machoni huchoka, na manjano ya kawaida utayaona kijani. Fumba macho: doa likibaki, ni jicho lako limekudanganya. Darubini iache kabisa.

Kwa kamera, tumia lenzi ya mm 300 au zaidi. Hata hiyo huchora jua lisilofika mm 3 kwenye kihisio, yaani sehemu ya kamera inayopokea picha, na kijani ni uzi tu juu yake. Tumia skrini, usichungulie kwenye kitundu cha kamera. Weka mwangaza kwa mkono, picha iwe na giza kidogo. Ukiiachia kamera ijipangie, itaunguza kijani kiwe manjano au cheupe. Mizani ya rangi, yaani mpangilio wa kamera unaolinganisha rangi na aina ya mwanga, iwe ya mchana. Funga kamera kwenye miguu mitatu, upige mfululizo.

Umechelewa? Kama ulikuwa umelala mchangani, simama upesi. Upeo wa macho utashuka kidogo, ule ukucha utachomoza tena, na mmweko unaweza kurudi. Lakini kimo cha mtu huongeza sekunde chache tu.