Jinsi ya kuandaa dakika 5 za kuchekesha kwa jukwaa kama la Churchill Show

Kabla hujaandika kichekesho chochote washa saa ya simu, ongea dakika 5 peke yako chumbani, uone vile ni ndefu. Kwa shoo kama ya Churchill, ile ya vichekesho ya Kenya, mchekeshaji hapewi nusu saa, anaitwa, anafanya yake, anashuka, mwenye shoo Daniel Ndambuki, ndiye Churchill mwenyewe, anarudi kuunganisha na mwingine au na msanii wa muziki, kwa hivyo ukipoteza dakika nzima kusalimia watu na kuuliza "mko poa" umeshakula mali yako. Salimia mara moja, ingia kwa stori.

Sasa stori yenyewe. Hapa ndio watu wengi wanaharibu na inaniuma kwa sababu unaona mtu ana kitu kizuri kabisa lakini amekipanga vibaya. Chukua hii, mtu anasema: "Juzi nilirudishwa Githurai na matatu kwa sababu konda alikuwa na chenji yangu." Hakuna mtu atacheka, umeshamwaga kila kitu. Ipange tena hivi: "Juzi nimepanda matatu Githurai, nikapatia konda mia mbili, nikamwambia chenji, akaniambia nakuja. Tumefika Roysambu, nakuja. Tumefika Pangani, nakuja. Tumefika tao, watu wote wameshuka, mimi nimekaa tu, dere akaniangalia kwa kioo akaniuliza, madam, unaenda wapi? Nikamwambia, Githurai." Stori ni ile ile, lakini Githurai imekaa mwisho kabisa, na hiyo "nakuja" imerudi mara tatu ndio watu waanze kuingoja. Neno la kuchekesha lisifuatwe na neno lingine. Ukishalisema, nyamaza.

Na kunyamaza ni kazi, usidharau. Watu wakicheka usiongee juu ya kicheko, ngoja kianze kushuka ndio uendelee, manake shoo inarekodiwa na watu wakiwa ukumbini halafu inakatwa na wahariri, na ukiwa umerukia kicheko hakuna mahali pa kukata, wanaweza kutoa hiyo sehemu yote. Maiki pia usiipige piga na mkono ukifurahi, inaingia kwa sauti.

Kuhusu kuongea na lafudhi ya jamii fulani. Inafanya kazi, wengi wamejenga jina na hiyo, lakini lafudhi peke yake inaisha kwa sekunde 30. Angalia Teacher Wanjiku, mchekeshaji aliyejulikana kwa kuigiza mwalimu, watu hawakumpenda kwa matamshi tu, kila Mkenya aliyesoma shule ya msingi alikuwa anamjua huyo mwalimu. Tafuta mtu kama huyo, mtu ambaye wa Mombasa na wa Eldoret wote washawahi kukutana naye, kwa sababu hizi shoo zinatoka Nairobi zinaenda kaunti na stori inayotegemea mtaa wenu pekee itakufia huko. Na tafadhali usichukue kichekesho cha mtu ulichoona mtandaoni ati ubadilishe majina, wachekeshaji wanajuana na mlango unafungwa kabla hujaingia.

Usiende kwa majaribio ya televisheni na kitu hujawahi kusema mbele ya watu. Tafuta pale wanapopeana maiki kwa wageni, hata kama ni watu 15 tu na nusu yao wanakula, na urekodi sauti na simu ikiwa mfukoni. Mimi nilikuwa na kichekesho cha harusi nilikipenda sana, nikakisema sehemu tatu tofauti, kimya mara zote tatu, nikakitoa ingawa iliniuma. Ukishatoka jukwaani, usiku huo huo sikiliza rekodi na karatasi mkononi, andika sekunde ambayo kicheko kimeanza, na kati ya kicheko na kicheko ukikuta umeongea zaidi ya sekunde 20, hapo ndio pa kupunguza maneno kesho asubuhi.