Kuendesha gazeti la wanafunzi: tunavyofanya huku Lamu

Mwalimu mwenzangu amekabidhiwa ulezi wa klabu ya uanahabari katika shule yao ya upili, akaniomba nimwelekeze. Tuliyoyafanya naye nimeyaandika hapa kwa yeyote aliyetwikwa jukumu hilo. Nachukulia kwamba mkuu wa shule ameshatoa idhini na una wanafunzi wanaopenda kuandika.

1. Gawa kazi. Mhariri mkuu mmoja, wasaidizi wawili, mpiga picha, waliobaki wote waandishi. Mhariri mkuu asiwe wa mwaka wa mwisho. Mtihani utamchukua kazi ikiwa nusu.

2. Panga siku ya kukutana. Ijumaa haifai, na alasiri wengi wako chuoni (madrasa) kwa maalim wao. Saa ya chakula cha mchana inatosha.

3. Kila mwandishi alete swali, si mada. "Maji" ni mada. "Mbona maji ya bomba la bweni yana ladha ya chumvi?" ni swali, na jibu lake lipo kwa watu. Mji wa Amu, yaani Lamu, hutegemea visima vya Shela, kwenye machuguu ya mchanga, kwa hiyo swali hilo litamtoa mwanafunzi darasani limfikishe kwa mpishi, kwa mwenye punda anayebeba madumu, hadi kwa afisa wa maji. Mashairi na vichekesho vina nafasi yake, lakini mimi sivipokei kabla habari tatu za kweli hazijapatikana. Gazeti lililojaa vichekesho vya kunakili halimfunzi mtoto chochote.

4. Mahojiano na uhakiki. Hapa ndipo muda wote unapokwenda, na uende.

Napendelea daftari na kalamu. Simu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni, na hata ungewaazima yako, wazee wengi hubadilika wakiona wanarekodiwa. Mwanafunzi asalimie, ajitambulishe ni mtoto wa nani, kisha aseme wazi kwamba anaandikia gazeti *kabla* ya swali la kwanza. Mtu anayepiga soga na mtoto wa jirani hajui kama anahojiwa, na maneno aliyoyasema barazani si haki kuyachapisha. Picha vilevile: ruhusa kwanza, hasa kwa akina mama.

Jina liandikwe pamoja na la baba. Kwetu majina hufanana mno, na habari ya Mohamed mmoja ikimwangukia Mohamed mwingine, itakuwa imezunguka mtaa mzima kabla gazeti halijakauka wino.

Rasimu ikishakuja, mhariri ambaye hakuiandika apigie mstari kila jambo linalodaiwa kuwa kweli, na mwandishi aeleze pembeni nani alilisema au nani aliliona. Palipo na "watu wanasema", ama apatikane mtu mmoja mwenye jina, ama sentensi ifutwe. Sina msamaha katika hilo.

Kisha mwandishi arudi kwa aliyemhoji amsomee maneno yake. Amsomee maneno *yake* tu, si habari nzima, la sivyo kila mhojiwa atageuka mhariri. Akisema amenukuliwa vibaya, rekebisha. Akisema kweli alisema ila sasa anajuta, angalia ni nani: mwenye cheo aliyezungumzia kazi yake, maneno yanabaki, mzazi au mwanafunzi anayeweza kudhurika, yaondoe. Aliyezungumza Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, mnukuu kwa Kiamu chake, usimsanifishie kauli.

Mwanafunzi aliye matatani, awe amefukuzwa, ana mimba, ni mgonjwa au anadaiwa karo, hatajwi jina. Wala kuficha jina pekee hakutoshi. "Msichana wa kidato cha tatu kutoka Matondoni" tayari anajulikana. Ondoa darasa, ondoa kijiji, na kama bado anatambulika, ondoa kisa.

Ofisi ya umma ikiwa haijibu, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya mwaka 2016. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo mimi huweka sahihi yangu kama mwalimu mlezi. Barua itoke wiki ya kwanza ya muhula; ikichelewa, jibu litakukuta umeshafunga shule. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

5. Hariri. Jambo kubwa likae sentensi ya kwanza. Aya fupi.

6. Panga kurasa. Tumia LibreOffice: ni ya bure na haihitaji intaneti. Programu za kupamba mtandaoni zitakuacha njiani siku mtandao ukikatika. Karatasi ya A3 ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne, hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Gazeti la kurasa 8 ni karatasi mbili: ya nje ina ukurasa wa 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 mgongoni, ya ndani ina 6 na 3, kisha 4 na 5. Kunja karatasi tupu kwanza, andika namba kwa mkono, uende nayo dukani kwa mwenye mashine ya kopi. Toa nakala moja, ikunje, isome yote. Ndipo uagize zilizobaki.

7. Sambaza. Kila aliyehojiwa apelekewe nakala yake mkononi na aliyemhoji. Mbili ziende maktaba ya shule, zikiwa na tarehe. Malalamiko yakija, mhariri mkuu ayaandike kwenye daftari moja, na masahihisho yachapishwe ukurasa wa 2 wa toleo linalofuata, kwa herufi za ukubwa uleule wa habari nyingine.