Daftari la shukrani: namna ya kuuona upya mji uliouzoea

Ukikaa Lamu miaka mingi, macho huacha kuona. Mlango wa nakshi unaowasimamisha wageni, wewe waupita ukiwaza bei ya unga. Ndivyo mazoea yalivyo: kitu kisichobadilika, akili hukiacha kikapita. Kuirudisha akili pale kunahitaji daftari dogo, kalamu na dakika 15.

Andika mambo unayoyashukuru mara moja kwa wiki, si kila siku. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, waliwaomba watu waandike hadi mambo 5 ya kushukuru kwa wiki, kwa wiki 10. Watu hao waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko wenzao walioandika kero. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake nao waliona kwamba walioandika mara 1 kwa wiki walinufaika, walioandika mara 3 hawakunufaika. Shukrani nazo zina mazoea yake. Alhamisi baada ya Isha ni wakati mzuri, na mambo 3 yatosha.

Kila jambo lijibu maswali matatu: umeona nini hasa, ni kazi ya nani, na kama kisingekuwepo ingekuwaje? Chukua kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia kinachobanwa kwenye nguo. Ukiandika "nashukuru kwa harufu nzuri", hujaandika kitu. Andika kwamba asumini zilichumwa alasiri zingali vitumba, vimefumba kama ncha ya kidole cha mtoto, na kufikia Isha zimefunguka zenyewe kwenye uzi, juu ya mrehani. Kuna aliyeinama mtini kabla hazijachanua, akavitunga kimoja kimoja. Bila yeye, leso ingelala na moshi wa jikoni. Swali la mwisho ndilo lenye nguvu, nalo ndilo watu huliruka.

Ukikosa la kuandika, nenda ukingoni mwa bahari saa 11 jioni, siku 8 mfululizo, ukae pale pale. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo ukianza siku yamejaa saa hiyo, siku ya 8 utayakuta yametoka: mashua iliyokuwa ikielea imeegemea ubavu kwenye tope. Kila jioni kumbuka kitu kimoja ambacho jana hakikuwepo. Simu ibaki nyumbani, maana ukishapiga picha, jicho huona limemaliza kazi.

Daftari huharibika kwa njia chache. Ya kwanza ni maneno makubwa: "afya, familia, amani" wiki baada ya wiki. Ukiona umerudia neno, lipasue: si familia, ni nani, alifanya nini, saa ngapi. Ya pili ni kujipima na aliye chini yako. Hiyo huzaa kiburi au huruma, na shukrani haimo. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, nayo ni kumeza dhiki. Michanga ya Shela, vile vilima vya mchanga karibu na Lamu, ndiyo inayoupa mji maji yake ya visima. Kuishukuru hakukuzuii kupiga kelele mtu akianza kujenga juu yake. Anayedhulumiwa akaambiwa ashukuru, huyo amezibwa mdomo. Na huzuni ikikukaa zaidi ya wiki 2, usingizi na hamu ya chakula vikapotea, nenda kwa daktari. Daftari si dawa ya hilo.

Mwisho wa mwezi, chagua jambo moja lenye mtu ndani yake, umwendee. Toa masalkheri, kaa naye barazani, umsomee ulivyoandika, neno kwa neno, bila kuongeza sifa. Pengine atacheka au atageuza maneno, mwache. Usiende na zawadi, kwani mazungumzo yote yatahamia kwenye zawadi.