Kabla ya Kuhamia Toleo Jipya la Mfumo Endeshi: Jua Faili Zako Zinakaa Wapi

Kabla hujaruhusu kompyuta ihamie toleo jipya la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kama Windows au macOS, lijibu kwa uhakika swali hili: faili zako zinakaa wapi hasa? Jina la folda unaloliona kwenye skrini halitoshi. Unahitaji njia yake kamili, kuanzia herufi ya diski hadi jina la faili. Faili nyingi zinazodhaniwa zimepotea baada ya kubadili mfumo hazijafutwa. Zipo, ila ikoni uliyozoea kuibofya sasa inakupeleka kwingine.

Anza na Documents, Desktop na Pictures. Kwenye Windows, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, kisha usome mahali ilipo. Ukikuta neno OneDrive ndani ya njia hiyo, folda imeshahamishiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na baadhi ya faili unazoziona huenda ni majina tu. Maudhui yake hayashuki kwenye diski mpaka uzifungue. Dalili yake ni alama ya wingu kando ya jina. Zipakue zote kwanza, ndipo unakili. Kwenye Mac hali ni hiyohiyo kwa mtu aliyechagua kuweka Desktop na Documents ndani ya iCloud Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Apple.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu limewahi kuwaumiza watu. Oktoba 2018 Microsoft ilisitisha toleo 1809 la Windows 10 siku chache tu baada ya kulitoa, kwani lilikuwa likifuta faili za baadhi ya watumiaji. Miongoni mwao walikuwemo waliohamishia folda kama Documents kwenye diski nyingine, huku faili za zamani zikibaki kwenye folda ya awali. Sasisho lilikusudiwa kuondoa folda tupu zilizojirudia, lakini likaondoa hata zilizokuwa na vitu ndani. Kwa hiyo, kama uliwahi kuhamisha folda zako, fungua na ile ya zamani uone kilichobaki.

Jambo la pili ni umiliki. Ukisakinisha mfumo upya kabisa, unaweza kuunganisha diski yako ya nje kisha ukaambiwa huna ruhusa ya kufungua folda zako mwenyewe. Windows haimtambui mwenye faili kwa jina la akaunti, bali kwa namba maalumu ya utambulisho. Akaunti mpya yenye jina lilelile ni mtu mwingine machoni pake. Hili linatibika: mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kuchukua umiliki wa folda. Lisilotibika kirahisi ni usimbaji, yaani kuzifunga data zisisomeke bila ufunguo. Kama diski inalindwa na BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski nzima, tafuta ufunguo wa kuirejesha wenye tarakimu 48, uuandike mahali palipo nje ya kompyuta hiyo. Faili ulizozisimba mojamoja kwa akaunti yako zina cheti chake, yaani faili yenye ufunguo wa kuzifungua. Kitoe na ukihifadhi pia, maana bila hicho hata msimamizi hatazisoma.

Watumiaji wa Mac wanaotoka kwenye matoleo ya kabla ya Catalina, toleo la macOS la mwaka 2019, wajue kwamba toleo hilo liliufungia mfumo kwenye sehemu ya diski isiyoandikika. Vitu vilivyokuwa mahali pasiporuhusiwa tena huwekwa kwenye folda iitwayo Relocated Items. Programu za biti 32, yaani zilizoundwa kwa teknolojia ya zamani, nazo hazifanyi kazi tena, kwa hiyo faili inaweza kuwepo salama na isipatikane programu ya kuifungua. Ihifadhi katika muundo mwingine wakati programu ya zamani bado inafunguka.

Nakala rudufu bila shaka unayo, au utaitengeneza leo. Angalia tu mambo mawili. Flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili inayofikia GB 4, hivyo video ndefu zinaweza kubaki nyuma. Kisha fungua faili kadhaa za aina tofauti kutoka kwenye nakala hiyo, ikiwezekana kwa kompyuta nyingine, na uchomoe diski kabla ya kuanza kazi.

Mwisho, ukishamaliza kuhama kwenye Windows, usiharakishe kusafisha diski. Mfumo wa zamani huwekwa kwenye folda ya Windows.old, na ndani yake kuna folda ya Users ambamo faili iliyoachwa nyuma huweza kupatikana. Kwa kawaida folda hiyo hujifuta baada ya siku 10, na nafasi ya kurudi kwenye toleo la awali huisha pamoja nayo. Tumia siku hizo kufungua kila folda unayoitegemea, hata ile ya kodi unayoigusa mara moja kwa mwaka.