Bustani yangu ya kwanza hapa Moshi: usianze na nyanya kama nilivyoanza mimi

Nimelima nyuma ya nyumba hapa Pasua tangu mwezi wa tatu mpaka wa kumi na moja, kaeneo kenyewe ni hatua nane kwa tano tu, na kama unataka kuanza na wewe ngoja nikupe mpangilio ambao ningeufuata kama ningerudia, mana nilichofanya ni kinyume kabisa. Mimi nilianza na mbegu. Nikaingia duka la pembejeo nikatoka na paketi tisa, nyanya, hoho, karoti, sukuma, spinachi, hadi tikiti (tikiti jamani!), afu ndo nikarudi nyumbani kuangalia zitakaa wapi.

Wewe anza na jua. Shinda nyumbani siku moja uangalie kivuli cha ukuta na miti kinavyotembea, mana mboga nyingi zinataka jua kama masaa sita na nyanya ndo hazitaki utani kabisa. Upande wangu mmoja una mwembe wa jirani, hoho nilizopanda pale zilirefuka tu kutafuta mwanga na hazikuzaa hata moja. Afu maji, usitegemee bomba peke yake, mwezi wa tisa kwangu lilikauka siku nne mfululizo na sikuwa na hata ndoo ya akiba. Sasa hivi nina pipa, na maji ya kuoshea mboga na mchele yanaenda moja kwa moja kwenye tuta.

Samadi hapa ndo niliumia. Nilinunua viroba sita kwa mfugaji, imetoka zizini juzi, nikachanganya na udongo na kesho yake nikahamishia miche ya sukuma, nikajiona mkulima. Siku ya tatu majani yamekuwa ya njano, kingo zimekauka kama zimepitishwa kwenye moto, nikadhani kiu nikaongeza maji, wapi. Mama mwenye nyumba wangu, mtu wa Kibosho, akaja akaniambia "mwanangu, ingiza mkono kwenye hicho kiroba kilichobaki". Nikaingiza. Ndani kuna joto kama ugali ulioepuliwa muda si mrefu! Basi hicho ndo kipimo, samadi ikiwa bado ina joto ndani au inanuka zizi haijawa tayari, lundika, nyunyizia maji kidogo, funika, geuza kila baada ya wiki mbili hivi, miezi miwili mpaka mitatu. Ikiiva inakuwa nyeusi, inamong'onyoka, inanuka udongo wa mvua. Ya kuku ni kali zaidi, hiyo usiiguse ikiwa mbichi kabisa.

Tuta weka upana wa mita 1 usizidishe, ili ufikie katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga, udongo ukishashindiliwa mizizi inahangaika bure. Juu tandaza majani makavu ya mgomba, na hapa Moshi utayakosaje, watu wanayatupa. Tangu niweke matandazo namwagilia mara moja kwa siku mbili badala ya kila siku, na palizi imepungua sana. Ila usiyasukumize mpaka kwenye shina, acha nafasi ya vidole vitatu la sivyo shina linaoza.

Kitalu ni rahisi, chora mistari kina cha sentimita 1 hivi, mwaga mbegu kwa kuzitawanya sio kuzirundika, funika na nyasi kavu, na siku ukiona zimeanza kuchungulia ondoa nyasi haraka uzipandishe juu kama kichanja kidogo cha kivuli, mimi nilichelewa siku mbili miche ikawa mirefu myembamba imelala. Miche ya sukuma na nyanya inahamishwa ikiwa na wiki tatu nne, fanya jioni sio saa sita mchana. Karoti usihamishe. Yani narudia usihamishe, panda pale pale zitakapokulia afu punguzia, za kwangu nilizihamisha zikaja na miguu miwili kama suruali.

Sasa nyanya. Mimi miche yangu niliipeleka shambani mwezi wa nne, katikati ya masika, nikifurahi kwamba sitamwagilia. Kumbe mvua na ubaridi ndo chakula cha ukungu. Jumatatu niliona madoa ya kahawia kama yamelowa maji kwenye majani matatu, nikasema nitaangalia wikiendi, Alhamisi nusu ya bustani ilikuwa nyeusi. Ukungu haukusubirii wikiendi. Nikapanda tena, mbegu nikaweka mwezi wa tano mwishoni miche ikaingia shambani mwishoni mwa wa sita, safari hii Tanya, hiyo na Tengeru 97 ni aina zilizotoka kituo cha utafiti pale Tengeru, na mbegu yake unaweza kuitunza mwenyewe tofauti na zile chotara. Kweli ukungu ukapungua sana. Ila kadri jua lilivyokolea akaja kantangaze.

Huyu mdudu asili yake Amerika ya Kusini, hapa Tanzania alionekana 2014, na ukimjua unamjua. Kwanza jani linakuwa na mabaka meupe kama ngozi imebaki na nyama imeliwa, ukiliinua kwenye mwanga unamwona kiwavi mdogo anatembea humo ndani katikati ya jani. Afu tunda unalichuma jekundu zuri, karibu na kikonyo kuna katundu kama ka sindano na kauchafu keusi, ukipasua ndani limekwisha. Kwa bustani ndogo kilichonisaidia ni kukagua kila asubuhi, jani lenye baka nakata naweka kwenye mfuko mweusi nafunga unakaa juani, sio kutupa pembeni ya tuta kama nilivyokuwa nafanya mwanzo, hapo unamhamisha tu. Na kosa langu lingine nilipanda mnafu mstari wa jirani na nyanya, kumbe hao ni ukoo mmoja pamoja na bilinganya na viazi mviringo, mdudu akichoka huku anahamia kule. Kwaiyo zitenganishe, na pale ulipotoa nyanya msimu unaofuata weka maharage au sukuma.

Kwa mtu anayeanza mimi nasema mchicha, sukuma na mnafu, basi. Mchicha wiki tatu nne unakula, yani hata ukikosea unajua mapema na unarudia. Sukuma chuma majani ya chini acha matano ya juu, kwangu mashina kumi na mbili yanatulisha watu wanne na bado jirani anaomba. Acha nusu mita kati ya shina na shina hata kama inaonekana unapoteza nafasi. Mnafu kata ncha unachipua matawi, ukizembea ukakomaa unakuwa mchungu wazee ndo wanaufurahia. Vidukari wakijaa nyuma ya jani la sukuma, lita 1 ya maji na kijiko kidogo cha sabuni ya maji, nyunyizia jioni ukielekeza kwa chini ya jani, rudia baada ya siku nne.

Na kabla ya hayo yote, uzio. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu ningenunua wavu nikaacha mbegu. Kuku wa jirani wawili walimaliza kitalu changu cha mchicha ndani ya muda wa mimi kwenda dukani na kurudi, na nikipandisha sauti naambiwa "si ungefunga?" Masale niliyopanda kuzunguka yanapendeza ila kuku anapita katikati anakuangalia usoni, kwaiyo chini zungushia wavu na pembeni uuchimbie kidogo ardhini mana wanachakura.

Mwezi huu wa pili nageuza samadi kwa mara ya mwisho, mchicha naumwaga mvua zikianza. Nyanya mpaka mwezi wa tano mwishoni, na safari hii ni mashina sita tu.