Jinsi ya Kulisoma Kaburi la Philopappos, Mwanamfalme Asiye na Ufalme

Kusini-magharibi mwa Akropoli ya Athens kuna kilima cha Mouseion, na kileleni pake umesimama ukuta wa marumaru uliobomoka upande mmoja. Wageni wengi hupanda huko ili wapige picha ya hekalu la Parthenon, kisha hushuka bila kujua wameegemea kaburi la nani. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulisoma kaburi hilo, awe amesimama mbele yake au ana picha zake mezani, na kumtambua aliyezikwa hapo: Gaius Julius Antiochus Epiphanes Philopappos, mjukuu wa mfalme wa mwisho wa Kommagene.

Kabla ya kuligusa jiwe, ifahamu kwanza nchi yenyewe. Kommagene ulikuwa ufalme mdogo kando ya mto Euphrates, katika eneo ambalo leo ni kusini-mashariki mwa Uturuki, na mji wake mkuu ulikuwa Samosata. Watawala wake walijivunia nasaba mbili, ya wafalme wa Uajemi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ya Waseleuko, yaani Wagiriki wa Makedonia waliorithi sehemu kubwa ya milki ya Aleksanda. Mwaka 72 Kaisari Vespasianus alimwondoa madarakani mfalme Antiochus wa Nne, aliyeshutumiwa kula njama na Waparthi, mahasimu wa Roma upande wa mashariki. Wanawe, Epiphanes na Callinicus, walipigana na Warumi, wakakimbilia Parthia, na mwishowe wakapelekwa Roma, ambako ukoo wao uliishi kwa heshima lakini bila nchi. Philopappos ni mwana wa Epiphanes, na ufalme ulipoondoka yeye alikuwa bado mtoto.

Sasa anza na jina. Kwa Kigiriki, Philopappos maana yake ni mpenda babu. Sisi tuliozoea kuwapa watoto majina ya babu zao hatuoni ajabu, ila hapa babu anayependwa ndiye aliyepoteza ufalme, na kwa hiyo jina hilo limebeba dai pamoja na mapenzi. Likumbuke unapoinua macho.

Sehemu ya juu ya ukuta ilikuwa na vidaka vitatu, kila kimoja kikiwa na sanamu. Cha katikati ni cha Philopappos mwenyewe, na cha kushoto kwako ni cha babu yake, Antiochus wa Nne. Cha kulia hakipo tena. Hapo ndipo msomaji mvivu hukoma, kumbe habari kubwa imo katika kile kilichopotea: mwaka 1436 Cyriacus wa Ancona, msafiri wa Kiitalia aliyenakili maandishi ya kale, alifika hapo, jengo likiwa zima kuliko lilivyo leo, akanakili maandishi yake, na kutokana na nakala hiyo tunajua kwamba aliyeketi kulia alikuwa Seleucus Nicator, jemadari wa Aleksanda na mwasisi wa ukoo wa Waseleuko, aliyekufa mwaka 281 KK. Kwa hiyo unapokuta jiwe lililovunjika, tafuta nani aliliona kabla halijavunjika.

Chini ya vidaka kuna mkanda wa michoro ya kuchongwa unaomwonyesha Philopappos juu ya gari la farasi wanne, akitanguliwa na walinzi waliobeba mafungu ya fimbo. Hayo ni maandamano ya konsuli wa Roma, mmoja wa maafisa wakuu wa dola, cheo alichokipata mwaka 109.

Kazi ngumu ni maandishi, nayo yataka subira, kwa sababu mtu mmoja anatajwa kwa namna tatu. Chukua karatasi na uyaandike mbalimbali, kila moja na lugha yake na vyeo vyake, kabla hujayaunganisha. Chini ya sanamu ya katikati pameandikwa kwa Kigiriki: Philopappos, mwana wa Epiphanes, wa Besa. Besa ni mtaa mmoja katika mitaa iliyogawa raia wa Athens. Hapa yeye ni raia tu. Upande wa kushoto wa kidaka hicho, kwenye nguzo bapa, lugha ni Kilatini, naye ni Gaius Julius, mwana wa Gaius, wa Fabia, moja ya makabila ya kupigia kura ya raia wa Roma, konsuli na mmoja wa Arvales, chama cha makuhani wa Roma. Neno mfalme halimo. Upande wa kulia, katika maandishi ambayo Cyriacus aliyanakili, Kigiriki kinarudi kwa sauti nyingine kabisa: Mfalme Antiochus Philopappos, mwana wa mfalme Epiphanes, mwana wa Antiochus. Ukisoma hayo ya mwisho peke yake utadhani alitawala, ilhali hakutawala hata siku moja. Kwa maoni yangu aliyeyapanga maandishi haya alijua vizuri ni nani angesoma lugha gani.

Ili kupata tarehe, yarudie maandishi ya Kilatini na uhesabu vyeo vya Kaisari Traianus, ambaye naye ametajwa humo. Anaitwa Optimus, jina alilolipokea rasmi mwaka 114, lakini haitwi Parthicus, jina alilopewa mwaka 116. Kaburi basi lilijengwa kati ya miaka hiyo miwili. Njia hii hufaa kwa maandishi mengi ya Kirumi, mradi jiwe lenyewe halijakatika mahali pa vyeo.

Hatimaye linganisha jiwe na waandishi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyemfahamu Philopappos, anamwita mfalme anaposimulia jinsi alivyogharamia kwa fahari mashindano ya kwaya za makabila yote ya Athens. Pausanias, msafiri wa Kigiriki aliyeandika miongo kadhaa baadaye kuhusu maeneo ya Ugiriki, anasema tu kwamba kilimani hapo palijengwa kaburi la mtu mmoja wa Syria, wala hamtaji kwa jina. Kisha soma beti za dada yake, Julia Balbilla, aliyefuatana na Kaisari Hadrianus na mkewe Sabina hadi Misri mwaka 130, na beti zake zikachongwa kwenye mguu wa sanamu kubwa ya kale iitwayo ya Memnon, huko Thebes ya Misri. Humo anawataja babu zake wawili, Balbillus mwenye hekima na Antiochus mfalme, na huyu wa pili ndiye aliyeketi kidaka cha kushoto.